Ushauri tafadhali: binti wa timu yangu ameniambia siri, na mtaa umeanza kunong'ona

Kocha_Mnarani
Wadau, habari za jioni. Nasimamia timu ya mpira ya wasichana huku Kilifi, miaka 12 hadi 18. Baada ya mazoezi tunakaa chini ya mwembe tuongee: hedhi, masomo, vijana wa boda wanaowanunulia chipsi halafu wanadai malipo mengine. Wazo si letu. Shirika la Moving the Goalposts, linalotumia mpira kuwainua wasichana, lilianza kazi hii hapahapa Kilifi mwaka 2001, na sisi wadogo tunajifunza kwao.

Sasa binti mmoja wa kidato cha tatu ameniambia kwamba wavulana hawamvutii, moyo wake uko kwa wasichana. Hana mpenzi, hajafanya lolote, alitaka tu mtu mzima mmoja ajue. Bahati mbaya binamu yake alipekua simu, na sasa inasemwa ati mpira unawageuza watoto wa watu. Wazazi wawili wameshawatoa mabinti zao. Mama mmoja wa kamati anataka nimfukuze "ili timu ipone". Kamati hiyohiyo mwaka jana ilimrudisha uwanjani binti aliyejifungua, na nilijivunia sana. Nifanyeje? Nimwambie mamake? Matusi wekeni kando.

Mzee_wa_Mkoma
Kocha, nitasema wazi. Wazazi walikupa watoto kwa ajili ya mpira na masomo. Ukiingiza haya mambo hakuna atakayemleta binti yake, na watakaoumia ni wale wengine wote. Simchukii huyo mtoto, lakini aitiwe wazazi wake wamalizane naye.

BintiMtwapa
Shikamoo mzee. Kocha hajaingiza kitu, mtoto ndiye aliyemfuata. Na hilo "wamalizane naye" mimi nalijua. Nilitolewa timu ya shule kwa tetesi kama hizi. Nilipoteza mpira, nikapoteza na mahali pa kupata pedi na mtu wa kumuuliza maswali. Nyumbani wakaamua niolewe ndipo nitulie. Shule ikaishia hapo.

Kocha, mamake usimwambie wewe. Siri ni ya binti. Muulize katika ukoo wao anamwamini nani, shangazi, bibi, yeyote, na uende kwa mwendo wake.

wakili_wa_baraza
Watu wanachanganya sheria, tuitenganishe. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu vitendo, yaani ngono "kinyume cha maumbile", kifungo hadi miaka 14, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Hakuna sheria ya Kenya inayomwadhibu mtu kwa anachohisi, sembuse mtoto aliyemfungulia kocha moyo wake. Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji 3 dhidi ya 2, iliamua kwamba NGLHRC, shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, lilinyimwa usajili kinyume cha Katiba. Siku ile wengi walipiga kelele kwamba ushoga umehalalishwa. Haukuhalalishwa, kilicholindwa ni haki ya kujiunga na wenzako.

Kwa kamati yako tumia Katiba, kifungu cha 53: maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Hayo ni maneno ambayo hata chifu atayasikiliza.

nesi_Kaloleni
Mimi naongezea hatua za kufanya. Ongea naye pembeni ya uwanja, mahali mnaonekana lakini hamsikiki, usimwite nyumbani kwako wala chumbani. Hilo linamlinda yeye na linakulinda wewe, maana ukishasemwa wewe timu imekwisha. Usiandike jambo lake kwenye daftari la timu wala kwenye WhatsApp ya kamati. Akitishiwa kupigwa, kufukuzwa nyumbani au kuozwa, piga 116, laini ya watoto, ni bure.

Na usimtume kwa "mshauri" usiyemjua. Nimeona watoto wakipelekwa kuombewa wakarudi na alama za fimbo. Mombasa kuna PEMA Kenya, shirika la watu kama yeye. Wapigie wewe kwanza, uulize wanampokea mtu wa umri gani, ndipo umtaje kwa binti.

Mzee_wa_Mkoma
Habari ya fimbo sikuiunga mkono mimi. Lakini wazazi utawaambia nini?

BintiMtwapa
Awaambie ya timu, mzee wangu. Aitishe kikao, nahodha aeleze wanachojifunza chini ya mwembe, yule aliyejifungua asimame kama mwenyewe anataka. Akitajwa mtoto yeyote kwa jina, Kocha aseme: hapa hatujadili mtoto wa mtu. Basi.

Kocha_Mnarani
Asanteni. Mzee, shukrani kwa kunisikiliza hata tusipokubaliana. Simfukuzi, Jumamosi anacheza namba sita kama kawaida. Kikao nitakiitisha. Kinachonitatiza bado ni yule mama wa kamati, kwa sababu uwanja tunaotumia ni wa shemeji yake. Kuna aliyewahi kuomba uwanja wa shule ya msingi kwa jioni? Naanzia kwa mwalimu mkuu au kwa bodi?

nesi_Kaloleni
Anza kwa mwalimu mkuu, na barua mkononi. Bodi watakuuliza kama amekubali.