Meli zilizolala chini ya bahari yetu: mlinzi wake awe Nairobi au kijijini?

Mzawa wa Pwani, Pumwani (mwenye mada)

Wanajamvi, hamjambo. Binamu yangu ni mvuvi wa jarife, wavu mkubwa wa samaki, kaskazini mwa Malindi. Mwezi uliopita alinipigia simu saa mbili usiku, nami niko ndani ya matatu pale Muthurwa, makelele mtindo mmoja. Jarife lake lilikuwa limenasa chini. Alizamia akidhani ni mwamba, akakuta mbao nene zimelala ubavu, na juu yake chuma kilichovimba kutu na matumbawe, "kama mhogo mkubwa uliooza," alivyosema mwenyewe. Akakata nusu ya jarife akaiacha huko huko.

Kesho yake akaenda kuripoti kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Aliandikwa jina na namba ya simu, akaambiwa asipakaribie tena pale mahali, watu watakuja kutoka Nairobi. Mpaka leo hawajaja. Sasa ananiuliza mimi, maana ndiye niliye Nairobi: "Hao watu unawajua?"

Mimi msimamo wangu ni huu. Kuhusu umiliki sibishani. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inahesabu kilichotengenezwa kabla ya 1895 kuwa kitu cha kale, na vya kale vilivyofukiwa ni mali ya serikali. Katiba nayo, kifungu cha 62, imeiweka bahari yetu na sakafu yake mikononi mwa serikali kuu. Sawa kabisa. Ninachobishia ni ulinzi. Anayepita juu ya meli ile kila bamvua ni binamu yangu. Mtu wa Museum Hill, kule makao makuu ya makumbusho, mpaka apate kibali, gari na marupurupu ya safari ndipo aione hiyo bahari.

Basi BMU, ile kamati ya wavuvi ya ufuoni, ipewe hati ya kuchunga pale kama wanavyochunga tengefu, sehemu ya bahari iliyofungwa kuvua. Wavuvi wasitupe nanga, mgeni anayetaka kuzamia alipe kijijini, na fungu fulani liende makumbusho. Wapwani si wageni wa kazi hii. Kuruwitu, Kilifi, waliona samaki wanakwisha, mwaka 2005 wakafunga hekta 30 za bahari wao wenyewe, na 2017 wakapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Hakuna mtu wa Nairobi aliyewasimamia na bakora.

Nairobi hii hii mnakumbuka Novemba 2018, mkutano wa dunia wa uchumi wa buluu ulifanyika ukumbi wa KICC. Mambo ya bahari yakajadiliwa mahali ambapo maji ya karibu ni ya Mto Nairobi. Nilicheka peke yangu.

Haya, nipingeni.

Muuza skrapu, Gikomba

Ndugu Mzawa, nakupinga kwa heshima. Mimi nanunua vyuma kuukuu na naijua mizani. Chuma cha kawaida ni bei ya kutupa, lakini shaba nyekundu ikiingia hapa kila mtu anageuza shingo. Nilisoma habari za meli ya kale iliyozama Ngomeni, kule kwenu juu ya Malindi, kwamba walikuta vipande vya shaba na pembe za ndovu. Nikuambie ukweli wa soko: shaba ile ikifika kwenye mizani haina karne ya kumi na sita. Ina kilo tu.

Mnakumbuka Januari 2022, nguzo za stima zilipoanguka nchi nzima ikaingia giza, Rais akapiga marufuku biashara yetu mpaka Mei. Tulilala njaa kwa makosa ya wachache. Sasa ikiwa kuna watu wanafungua chuma za nguzo yenye umeme, wataogopa meli isiyo na umeme wala askari? Huyo mwenyekiti wa BMU atalala ufuoni kila siku? Toeni kila kitu, leteni juu, fungieni ndani ya kioo. Kikiwa Fort Jesus, ngome ya kale ya Mombasa, au hapa Nairobi angalau kina kufuli.

Bi Mwalimu, Buruburu

Muuza skrapu, hoja yako ya wizi ina uzito, ila hilo "toeni kila kitu" ni rahisi kulisema ukiwa Gikomba.

Chukua meli inayojulikana zaidi kwetu, Santo António de Tanná. Iliundwa India mwaka 1681. Ilikuja Mombasa kuiokoa ngome ya Wareno iliyokuwa imezingirwa na Waomani tangu 1696, ikazama chini ya kuta zenyewe za Fort Jesus mwaka 1697. Wareno wakapoteza meli, na Desemba 1698 wakapoteza ngome pia. Kati ya 1977 na 1980 Makumbusho yetu na wataalamu wa akiolojia ya bahari kutoka Marekani waliifukua. Wakapandisha maelfu ya vitu, mizinga, mitungi, kaure za Kichina, na sehemu ya mali hiyo ndiyo mnayoiona Fort Jesus. Lakini gamba la meli lenyewe hawakulipandisha. Walilipima, wakalichora ubao kwa ubao, wakalifukia tena. Liko pale pale hadi leo.

Walioacha hawakuwa wavivu. Mbao iliyokaa majini karne tatu imekunywa maji, na maji hayo ndiyo yanayoishikilia. Ukiipandisha ikauka, inajikunja na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Waswidi walipoitoa meli yao Vasa mwaka 1961 waliinyunyizia dawa miaka 17, mfululizo, kabla ya kuthubutu kuikausha. Mzinga wa chuma nao unataka kulowekwa ndani ya pipa na kupitishiwa umeme mdogo miezi na miezi ili chumvi itoke, la sivyo unamomonyoka kwa maganda ndani ya hicho kioo chako. Nani atalipa stima hiyo?

Na kinachoiponza mbao baharini kila mtoto wa fundi wa majahazi anakijua. Mimi nimekulia Lamu. Nimemwona babu akipandisha mashua ufuoni, anaikwangua tumbo, halafu anachanganya shahamu na chokaa kwa mkono wake, anapaka chini yote mpaka iwe nyeupe. Harufu yake haitoki nguoni wiki nzima. Ukichelewa kupaka, wale wadudu wa maji wanatoboa ubao ukawa kama kipande cha mkate. Sasa meli iliyozama haina wa kuipaka shahamu. Inalindwa na tope tu. Palipofunikwa na tope panadumu, palipo wazi panaliwa. Ndiyo maana Mkataba wa UNESCO wa 2001, unaohusu vitu vilivyokaa majini miaka 100 au zaidi, unataka kwanza ufikirie kuviacha vilipo, na unakataza kuvifanyia biashara.

Hapo Bwana Mzawa nami nakugusa: jarife la binamu yako lililobaki chini linavutwa na mkondo, na kila likivutwa linafunua tope. Likitolewa, litolewe na mtu anayejua.

Jirani wa Ngong Road

Hizo ni meli za Wareno waliochoma Mombasa mwaka 1505 wakarudi kuichoma tena 1528. Ziacheni zioze. Yaani tuna mafuriko, tuna madaktari mgomoni, halafu tuchangie mbao za mkoloni?

Mzawa wa Pwani, Pumwani (mwenye mada)

Jirani, pembe za ndovu hazikutoka Lisbon. Na Bi Mwalimu keshasema Santo António iliundwa India. Bahari ile ilikuwa sokoni, kila mmoja ana kitu chake mle ndani, hata sisi.

Binti Kwale, Kasarani

Naomba niwaharibie sherehe kidogo.

Ndugu Mzawa anasema "kijiji" kana kwamba kijiji ni mtu mmoja. Baba yangu alivua kwa juya, wavu wa kukokota. Najua, juya linakwangua matumbawe na kuzoa watoto wa samaki, kulipiga marufuku ni haki. Ila siku waliyokaa kupanga sehemu ya kufunga, waliokaa ni wenye mashua. Mama na wenzake, wanaotembea mwambani maji yakikupwa kuchokoa pweza, hawakuitwa. Walipata habari walipokuta maboya. Mama alirudi na kijiti chake na ndoo tupu, akaiweka mlangoni, hakusema kitu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, naikumbuka ndoo yenyewe, ya rangi ya bluu, mkono umefungwa kamba.

Sasa ukimpa mwenyekiti wa BMU meli na ada za wageni, umempa nani? Huenda ni mtu mwema. Huenda ni mtu ambaye shemejiye ana boti ya watalii. Nairobi iko mbali, kweli, lakini mwenyekiti anaweza kuwa mbali kuliko Nairobi akiwa nyumba ya tatu.

Sisemi haiwezekani. Gazi, kwetu Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja unalipwa kwa hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko tangu 2013, na pesa zinajadiliwa barazani kabla ya kutumika, zimeleta maji na vitabu vya shule. Tofauti ni hiyo baraza. Kama hati ya meli itaandikwa, iandikwe kwamba hesabu inasomwa hadharani, na kwamba wachokoaji pweza wana viti. Bila hivyo, bora hata kufuli la Museum Hill.

Mpenda mbizi, South B

Mimi nimezamia mara chache. Watu wanaotaka raha ya kuona meli chini ya maji wanayo MV Dania, ilizamishwa makusudi mwaka 2002 nje ya Mombasa, imejaa samaki. Wageni wapelekwe huko, hata wakigusa si hasara ya historia. Hizi za kale wazione wachache, kwa miadi, na wasivae glovu. Mtu asiye na glovu hagusi ovyo.

Muuza skrapu, Gikomba

Bi Mwalimu, nimekusikia juu ya mbao. Mbao zikae. Lakini shaba haiozi. Hiyo mnaiacha chini kwa faida ya nani? Na hiyo meli ya Ngomeni si ndiyo ya Vasco da Gama?

Bi Mwalimu, Buruburu

Haijathibitishwa. Caesar Bita, mwanaakiolojia wa chini ya maji wa Makumbusho ya Taifa, na mwenzake Filipe Castro waliandika 2024 kwamba huenda ni São Jorge, iliyopotea 1524 katika safari ya tatu ya da Gama. Huenda. Uhakika wenyewe unatoka kwenye mbao: zilikatwaje, ziliungwaje, ni mti gani. Shaba ukiing'oa ovyo unazivuruga hizo mbao zilizo chini yake, kisha unabaki na kilo zako na hujui ni za nani. Kwa hiyo shaba, kama itatoka, itoke baada ya kila kipande kuchorwa kilipo. Na hapo wanakijiji wafundishwe kuchora, wasiwe wa kusukuma mashua tu.

Watu wa Ngomeni wamezoea kutazama vya wenzao. Tangu miaka ya 1960 hadi 1988 Waitaliano walirusha roketi kutoka baharini kwao, mojawapo ikabeba setilaiti ya 1970 iliyopewa jina la Uhuru. Uhuru ukaruka, wao wakarudi kuvua.

Mzawa wa Pwani, Pumwani (mwenye mada)

Binti Kwale, umenipiga pale penye ukweli. Nilikuwa naiona BMU kwa picha ya binamu, naye si kamati. Nakubali baraza, nakubali viti vya wachokoaji. Muuza skrapu sijamkubali, ingawa namwelewa: mlinzi wa bure ni mlinzi mpaka siku ya njaa. Bado nasema hati ianzie kijijini, na makumbusho iwe na haki ya kuifuta wakiharibu. Bi Mwalimu amesema atanisaidia kuandika barua.

Barua inataka mahali. Jana nimempigia binamu nikamwomba alama. Yeye hana GPS, anapima kwa nchi kavu: mbuyu ukikaa nyuma ya mnara wa msikiti, na upande wa pili kuna paa fulani la bati likilingana na mnazi. Alama mbili zikikutana, uko juu yake. Nikamwambia nitajie huo mnazi ni upi.

Akacheka. "Kwanza jarife."

Muuza skrapu, Gikomba

Jarife la macho mangapi, na nusu inauzwa ngapi? Weka namba, mimi naanza na mia tano.