Tupeane uzoefu: kuwapeleka wanafunzi kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji, Februari 27

Mwalimu wa Zamu: Wadau wa Ruvuma, mwaka huu nimepangiwa kuwapeleka watoto Makumbusho ya Majimaji, Songea. Mliowahi kwenda nao, leteni uzoefu.

Mzee wa Lizombe: Miavuli, mwalimu! Mvua ya Februari Songea haina adabu.

Mama Wawili: Kweli kabisa. Na wale kwanza, hotuba huwa ndefu.

Dada wa Namtumbo: Umenikumbusha mbali. Tulikwenda na la sita, tukasimama penye kaburi la pamoja. Mzee wa Kingoni, ngao mkononi, akawaeleza kuwa walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906, kwenye vita ya Majimaji, walikuwa 67. Kijana wangu mmoja akawa anafuatisha majina kwa kidole, akafika kwa Nkosi (yaani chifu) Mputa Gama, akaganda. Naye ni Gama. "Mwalimu, huyu ni babu yetu?" Sijajibu, kaangua kilio, na wenzake wakadakia! Yule mzee akalaza ngao chini, akachuchumaa, akaanza kumhesabia ukoo, fulani kamzaa fulani, mpaka mtoto akanyamaza. Kesho yake baba mtu yuko shuleni, anataka na yeye aandikiwe hayo majina.

Mama Wawili: Jamani, nimelia hapa kazini.

Mtu wa Kilwa: Inagusa. Ila mbona Majimaji mmeifanya ya Wangoni? Vita ilianzia Umatumbini, Nandete, Julai 1905, watu walipong'oa pamba ya Mjerumani. Kinjekitile, mganga wa ile dawa ya maji, kanyongwa Mohoro Agosti, Wangoni hawajaingia bado.

Mzee wa Lizombe: Mkuu, hakuna anayewapokonya. Siku hii ni ya walionyongwa Songea.

Mtu wa Kilwa: Basi watoto watajiwe na Nandete. Wengi wanarudi hawaijui.

Mama Wawili: Habari za kichwa cha Nduna (kiongozi wa vita) Songea Mbano, kwamba kilipelekwa Ujerumani, wadogo msiwaambie. Wangu alikesha macho.

Dada wa Namtumbo: Hapo sikubaliani nawe, dada. Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja hapohapo Novemba 2023 akaomba radhi. Mtoto asipojua kilichotendeka, hiyo radhi ataielewaje?

Mzee wa Lizombe: Wakiogopa wapelekwe kwenye ngoma, lizombe likikolea hofu inaisha yenyewe.

Mwalimu wa Zamu: Asanteni sana. La tano nitawaeleza yote, Nandete ikiwemo. Darasani nina akina Gama na Mbano, kwa hiyo wiki hii naongea na wazazi wao kwanza.