Mwongozo wa mahojiano na idadi ya wasailiwa katika utafiti wa kitaamuli

Mwanafunzi_Katuba

Habari zenu wakubwa. Niko mwaka wa mwisho wa sosiolojia hapa Lubumbashi, na tasnifu yangu inahusu akina mama wanaouza makala (mkaa wa kupikia) rejareja katika masoko ya Katuba na Kenya, komuni mbili za jiji letu. Msimamizi amenitaka nifuate mbinu za kitaamuli (zinazotafuta maana badala ya takwimu), lakini karatasi niliyoandaa imejaa maswali kama "Je, bei imepanda? Ndiyo au hapana", na sioni inatofautianaje na hojaji ya kawaida. Tena naihofia siku ya utetezi: nikisema nimezungumza na akina mama 15, jopo halitaniuliza hao wanaliwakilishaje jiji zima?

Asistanti_Kampemba

Mdogo wangu, hofu yako ya kwanza ina msingi. Hojaji hupima jambo ambalo mtafiti ameshalipa jina, ilhali mahojiano ya kitaamuli hutafuta namna wahusika wenyewe wanavyolielewa. Kwa hiyo yafute hayo ya ndiyo na hapana, ubakize mada tano au sita, na kila mada uifungue kwa swali linaloomba masimulizi: "Mama, nisimulie gunia la mwisho ulilonunua: lilitoka wapi, nani alilileta, mlielewana vipi juu ya malipo?" Akigusia deni, usikimbilie mada inayofuata, muulize alikopa kwa nani, na ikawaje siku aliposhindwa kulipa. Jibu lenye uzito mara nyingi huja baada ya kimya kifupi, kimya ambacho mtafiti mchanga hukiziba kwa swali jingine.

Wala usitegemee maneno peke yake. Omba ruhusa ya kukaa karibu naye asubuhi nzima, uone anavyopima: vipande vikubwa vinapangwa juu ya mfuko, vidogo na vumbi vinakwenda chini, na mteja wa kila siku anaongezewa kidogo bila kuomba. Hayo ni nadra kuelezwa katika mahojiano, si kwa sababu yanafichwa, bali kwa kuwa kwake ni ya kawaida mno. Katika daftari, ukurasa wa kushoto andika ulichoona na kusikia, wa kulia unachofikiri. Ukivichanganya, baada ya mwezi hutaweza kuvitenganisha.

Mtafiti_Ruashi

Nakubaliana na Asistanti, nami niligusie suala la idadi. Jopo likiuliza uwakilishi, usijitetee kwa lugha ya takwimu, maana hukuwapata kwa bahati nasibu. Uliwachagua kwa makusudi: aliyeanza juzi, mkongwe, anayenunua kwa wapanda baiskeli, anayenunua kwenye lori. Tangu wanasosiolojia Glaser na Strauss walipoandika mwaka 1967, kigezo kinachotajwa sana ni kufika mahali ambapo mahojiano mapya hayaongezi kitu katika uchambuzi. Mwaka 2006 mtafiti Guest na wenzake waliyapitia upya mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, wakaona kwamba sehemu kubwa ya misimbo (majina mafupi ambayo mtafiti huyapa mawazo yaliyomo katika majibu) ilikuwa imeshajitokeza katika 12 ya kwanza. Wengi huinukuu hiyo 12 kana kwamba ni sheria, wakisahau kwamba wanawake wale walifanana kwa hali zao na waliulizwa maswali yale yale. Ukichanganya wauzaji wa jumla na wa rejareja, itabidi uongeze. Na hutajua umefika ikiwa unangoja kumaliza yote ndipo usikilize: kila mahojiano yakiisha, yaandike neno kwa neno, weka misimbo, ndipo urudi sokoni.

Hapa hapa Lubumbashi, mwanaanthropolojia Johannes Fabian alirekodi, mwaka 1973 na 1974, mazungumzo na mchoraji mmoja, Tshibumba Kanda Matulu, kuhusu picha zake za historia ya nchi. Thamani ya kazi ile haikutokana na wingi wa wasailiwa.

Mwanafunzi_Katuba

Asanteni sana. Je, naweza kuwakusanya akina mama wanane pamoja ili kuokoa muda?

Asistanti_Kampemba

Majadiliano ya kikundi si mahojiano manane kwa mpigo. Faida yake ni kusikia wanavyobishana na kusahihishana, kwa mfano juu ya namna bei ya gunia inavyopangwa. Ila mbele ya jirani anayegombania naye wateja, mama hatataja faida yake wala anayemdai. Tena wewe unaweza kuahidi kutunza siri, lakini huwezi kuahidi kwa niaba ya wale wengine saba, na hilo walielewe kabla hujawasha kinasa sauti. Deni liulize kwa mmoja mmoja. Kikundi kiachie bei na mivutano na wenye malori.