Mitishamba ya kumwongezea maziwa sungura aliyezaa, huku Malindi

MamaRukia_Barani:
Assalaam aleikum wafugaji wenzangu. Niko Malindi, Barani. Jike langu jeupe limezaa watoto saba, ndio uzazi wake wa kwanza, na leo wana siku sita. Wawili wamekufa. Katika waliobaki kuna ambao ngozi yawakunjana mgongoni kama soksi iliyolegea. Mama yao sijamuona akinyonyesha hata mara moja. Mchana kutwa ameketi pembeni, ahema mbio.

Jirani aniambia nimpe uwatu kama tunywavyo sisi tukijifungua. Mwengine asema mchunga, kwa kuwa ukiukata watoa maziwa. Kaka yangu naye kaniletea gunia zima la mwarobaini, kwake hiyo ni dawa ya kila kitu. Nianze na lipi, na kwa kiasi gani? Namlisha nyasi, majani ya viazi na pumba. Banda ni la mabati.

MzeeVizimba_Ganda:
Waaleikum salaam mwanangu. Hilo la kutomuona akinyonyesha lisikutie hofu. Sungura si paka. Huwaendea watoto kiotani mara moja kwa siku, aghalabu usiku au alfajiri, kwa dakika tatu hadi tano, kisha hutoka zake. Maziwa yake ni mazito, mafuta yake takriban mara tatu ya yale ya ng'ombe, kwa hiyo mara hiyo moja yawatosha. Ukishasali alfajiri, nawa mikono, funua manyoya ya kiota umshike mmoja mmoja. Aliyeshiba tumbo lake limetuna, na kwa wembamba wa ngozi utayaona maziwa meupe kwa ndani. Mwenye mikunjo ndiye aliyekosa.

Sasa huyo mama. Kuhema mbio ni joto, na mabati wakati wa Kaskazi ni tanuri. Sungura hatoi jasho kama sisi. Zikipita nyuzi 30 huanza kususa chakula, na asiyekula maziwa atayatoa wapi? Tandika makuti juu ya mabati leo leo, na utundike gunia bichi upande upepo unakoingilia. Kisha maji. Jike anyonyeshaye aweza kumaliza lita nzima kwa siku, na wengi huwawekea kikopo kidogo ambacho adhuhuri haijafika kimekauka au kimepinduliwa. Tafuta bakuli zito la udongo. Kama maji ya kisima chenu yana chumvi, mpe ya mfereji.

Kwa uwatu hajakosea jirani yako. Mbegu zake zimejaribiwa kwa wanyama wanyonyeshao, sungura wakiwemo. Lakini usimpikie uji wa mzazi wenye sukari! Kijiko kimoja cha chai, zilowe usiku kucha, uchanganye na pumba. Ukizidisha zitamjaza gesi. Mimi naamini zaidi mlonge: yanyaushe majani kivulini, umpe konzi moja, uongeze kidogo kidogo. Una protini, na hiyo ndiyo pumba yako haina ya kutosha.

Mchunga mpe, aupenda na una maji mengi. Ila ule utomvu si maziwa, msidanganyane. Hata mnyaa wa ua watoa utomvu mweupe, na huo huunguza mdomo na macho.

Gunia la mwarobaini mrudishie kaka yako kwa heshima. Uchungu wake wampotezea hamu ya kula, na mbegu zake zajulikana kwa kuvuruga uzazi. Mwenye mimba na anyonyeshaye usimpe. Na majani ya mparachichi yasikaribie banda kabisa: humvimbisha matiti, hukata maziwa na huua moyo.

Nyasi kavu zisiishe mbele yake, usiku na mchana. Tumbo la sungura lisipopata nyuzinyuzi, hakuna mti wa kuliponya.

Shangazi_Langoni:
Niko Lamu, nami nimefuga miaka. Mzee kasema vyema ila kasahau kumwambia ashike matiti. Bi Rukia, yapapase yote. Ukikuta moja ni gumu, lina moto, limekuwa jekundu au la bluu, basi huo ni ugonjwa, uwatu hauuwezi. Mtafute daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Na usimpe amoksilini ya watu ya kumeza! Yaua vijidudu vyema vya tumboni, sungura huharisha akafa, kisha watu husema karogwa.

MamaRukia_Barani:
Shukrani nyote. Nimetazama alfajiri: watatu matumbo yamejaa, wawili wana mikunjo. Matiti ni laini, hayana moto. Makuti yashapanda juu. Hao wawili niwape maziwa ya ng'ombe?

MzeeVizimba_Ganda:
La, ni mepesi mno kwao, na vitoto vidogo hivyo hupaliwa upesi. Watatu kushiba maana yake maziwa yapo. Hawa wawili wasukumwa na wenzao. Kesho alfajiri watenge walioshiba kwenye kikapu chenye manyoya, mshike mama kwa utaratibu juu ya kiota, wawili wanyonye peke yao kwanza, kisha warudishe wengine. Fanya hivyo kila alfajiri mpaka ngozi ijae.

Uwatu na mlonge endelea navyo, maziwa hufika kilele karibu na wiki ya tatu. Wakati huo na watoto nao waanza kuguguna majani, basi mlonge uwatilie kidogo sana, matumbo yao bado machanga. Dume mweke mbali kwanza. Jike aweza kushika mimba siku hiyo hiyo aliyozaa, na huyu wako hana nguvu za kubeba na kunyonyesha.

Nitumie picha ya banda nione hayo mabati yako juu kiasi gani. Yakiwa chini, makuti pekee hayatoshi, itabidi tuyainue.