Tupeane uzoefu: mzazi wako alipopunguzwa kazi miaka ya 90, nyumbani mliishije?

Wakuu, salaam. Juzi nilikuwa napanga makaratasi ya marehemu mzee nikakuta barua yake ya 1994. Aya mbili tu za taipureta na muhuri wa bluu: nafasi yake imefutwa kutokana na zoezi la kupunguza watumishi. Karani wa masijala, miaka 19 kazini.

Kwa vijana: hapa Tanzania, Mwalimu Nyerere alivutana na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, hadi anang'atuka 1985. Mzee Mwinyi akakubaliana nao 1986, shilingi ikashushwa thamani, matumizi ya serikali yakabanwa. Fagio la watumishi lilipita miaka ya 90, wakaondoka zaidi ya 50,000.

Mzee alikaa wiki tatu akiendelea kuvaa shati la kazini na kutoka saa moja asubuhi. Kiinua mgongo kilinunua vifaranga 200 na cherehani. Vifaranga vilikwisha kwa mdondo. Cherehani ya mama ndiyo iliyotusomesha. Ninyi je?

Muuguzi Mstaafu: Mimi nilikuwa upande wa pili wa dirisha, wodi ya wazazi, hospitali ya mkoa nisiyoitaja. Uchangiaji, yaani mgonjwa kulipia matibabu, ulianza 1993 kwenye hospitali kubwa, baadaye ukatufikia. Kwenye waraka, wajawazito na watoto chini ya miaka mitano walisamehewa. Kwenye kabati hakukuwa na glavu. Sasa unamsamehe nini? Tukawa tunawatajia: njoo na glavu jozi mbili, wembe, uzi, mpira wa kulalia, sabuni. Wakatuchukia sisi, Hazina hawaijui ilipo. Usiku mmoja akaja binti na kanga mbili na wembe wa kuazima kwa jirani. Nilimzalisha kwa glavu nilizokuwa nimezificha kwenye soksi. Ndiyo, tulikuwa tunaficha, maana zikibaki kabatini zinakwisha kabla ya saa sita. Na mshahara wenyewe ulikuwa hauvuki tarehe kumi, nilikuwa nauza maandazi wodini. Wagonjwa wangu ndio wateja wangu. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Kibao Kata: Naomba nipinge kidogo. Mnasimulia kana kwamba kabla ya 1986 tulikuwa peponi. Mimi nimefua sare kwa majani ya mpapai, nimelala kwenye foleni ya sabuni duka la ushirika. Baba naye alipunguzwa, ila kiwandani kwao mashine zilikuwa zimesimama siku nyingi. Wanasaini asubuhi, wanacheza bao mpaka jioni, mwisho wa mwezi wanalipwa. Kwa hela ipi?

Mleta mada: Bao sawa, mkuu. Lakini mbona fagio lilianzia kwa karani na mfagizi? Wakubwa wangapi walirudisha gari?

Kibao Kata: Hapo sina jibu.

Mtoto wa Nakuru: Wadau, hata huku Kenya tulipitia hayo. Hospitali za serikali zilianza kutoza Desemba 1989, wagonjwa wakapungua, Septemba 1990 ada ikasitishwa, 1992 ikaanza kurudi polepole. Ila mimi ninachokumbuka ni maziwa ya Nyayo, yale ya bure shuleni enzi za Rais Moi, zile pakiti za pembe tatu. Shuleni kwetu lori lilikuwa likija Jumanne na Alhamisi. Ikawa Alhamisi tu. Halafu kimya, hakuna aliyetangaza chochote. Mwalimu wa zamu aliendelea kutupanga mstari Alhamisi kama mbili tatu hivi, na vikombe mkononi, kisha akatuambia turudi darasani.

Dada Mkubwa: Nitasema kwa kifupi maana linaniuma. 1992, darasa la tano. Ada, mchango wa dawati, mchango wa mlinzi. Hela ilitosha mmoja, kaka akaendelea, mimi nikabaki kulea mdogo ili mama akauze vitumbua. Ada ya shule za msingi ilifutwa kuanzia 2002. Mwanangu alipoingia la kwanza 2006 nilikuwa nachukua madaftari yake usiku, akilala, nafanya hesabu zake kwa penseli kisha nafuta.

Muuguzi Mstaafu: Dada, pole mwaya. Ulifika darasa la ngapi kwa njia hiyo?

Dada Mkubwa: La saba 😂 Hesabu za sehemu ndizo zilinishinda.

Kibao Kata: Mleta mada, hukutuambia. Zile wiki tatu mzee alikuwa anakwenda wapi?

Mleta mada: Mama alimfuata siku moja bila kumwambia. Alimkuta chini ya mwarobaini, ng'ambo ya barabara kutoka ofisini kwao. Walikuwa saba, wote waliopewa barua siku moja, na gazeti moja wanalisoma kwa zamu. Mama akarudi nyumbani bila kujionyesha. Jioni mzee aliporudi akampa pole na kazi, kama kawaida.