Matembezi ya msituni ya siku moja kutoka Dar: Pugu au Morningside?

MtuWaTabata:
Wakuu, habari za humu ndani. Natafuta msitu wa kutembea, kilima kidogo cha kupanda, na huko juu pawe na mahali pa kutazama mbali, ikiwezekana mnara. Kuna picha niliiona ya kijumba cha vioo juu ya mlima huko Marekani, mlinzi wa moto wa misitu anakaa humo anatazama pande zote nne. Nataka kitu cha namna hiyo, ila niondoke Dar asubuhi na usiku nilale kwangu. Mpaka sasa nawaza Pugu, au Morningside ya Moro kule milima ya Uluguru. Nalipia wiki hii. Ipi?

Mzaramo Asili:
Pugu. Uzi ufungwe.

dada_kijichi:
Mtoa mada, mbona hujasema kitu? Mko wangapi, kuna watoto, mna gari au mtapanda daladala, mnaenda mwezi gani? Na unalipia nini wiki hii, gari au tiketi? Watu mnauliza kama mnaagiza chipsi mayai.

Mluguru_wa_Moro:
Morningside. Tangu SGR ianze Juni 2024, Moro imekuwa jirani. Daraja la kawaida lilianza kwa nauli ya 13,000, na ndani ya saa mbili umeshafika. Ukishuka stesheni ya Kihonda unatafuta usafiri wa kuingia mjini, kisha unaanza kupanda kwa miguu. Njiani ni migomba na matuta ya mboga, akina mama wanateremka na mizigo kichwani wala hawahemi, wewe wa Tabata unashika kiuno. Juu kuna jumba la enzi za Mjerumani, na mji wote wa Morogoro uko chini ya miguu yako. Mnara wa nini tena?

Mzaramo Asili:
Umejijibu mwenyewe: migomba na matuta ya mboga. Mwenzako ameomba msitu. Mpaka unafika Morningside sehemu kubwa umepita mashambani, msitu wa hifadhi unaanza huko juu zaidi. Pugu unaingia getini na miti imekufunika hapohapo, na hujatoka Dar kwa zaidi ya kilomita 30 hivi. Panda daladala mpaka Gongo la Mboto, unganisha ya Kisarawe, basi. Kuna Bwawa la Minaki, kuna mapango yaliyochimbwa kaolini, ule udongo mweupe, zamani, na sehemu za mwinuko unaliona jiji. Tangu 2020 Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, si pori la kuokota kuni tena.

Mluguru_wa_Moro:
Pugu siyo mlima, kaka. Haifiki hata mita 400. Bondwa, kilele cha Uluguru juu ya Morningside, inapita mita 2,000. Hayo maji ya Ruvu mnayooga Dar yanatoka Uluguru, angalau muwe mnakuja kuyasalimia.

Mzaramo Asili:
Kasema "kilima kidogo". Soma kwanza, halafu jibu.

Fundi_Mbagala:
Mimi Uluguru nilienda na wenzangu wa kazini, mwezi wa nne. Nawasimulia ili mtoa mada apime mwenyewe.

Tulishuka mjini asubuhi, hatujamaliza hata chai, kijana mmoja akatufuata. Ana kofia, ana fimbo, anasema yeye ni mwongozaji, Bondwa anaijua kama chumbani kwake. Tukamuuliza kuhusu kibali. Akajibu kibali kimo humo humo kwenye bei yake. Tukampa nusu. Kumtazama miguuni, kavaa ndala.

Mpaka Morningside mambo yalikuwa mazuri, picha tukapiga. Akasema Bondwa ni karibu, dakika ishirini tu. Tukatembea saa nzima, tukauliza, akasema dakika ishirini. Ukungu ukashuka, mwenzako aliye mbele yako unaona shati tu. Mvua ikaja, siyo ile ya kunyesha na kuacha. Njia ikawa utelezi mtupu, udongo mwekundu unaganda kwenye raba mpaka mguu unakuwa mzito kama umefungwa tofali. Dada mmoja wa uhasibu akateleza akashuka kwa makalio umbali wa kutosha, simu ikaenda zake bondeni.

Tukiwa hapo tumejikunyata, wakatokea walinzi wa msitu. Waliuliza kwa heshima kabisa: kibali kiko wapi, na mwongozaji wenu nani? Tukageuka kumwonyesha. Hayupo. Kayeyuka na fimbo yake! Wale jamaa ndio waliotushusha. Tukafika mjini giza, usafiri wa kurudi umetupita, tukalala gesti na nguo mbichi. Jumatatu ofisi nzima inapiga chafya.

Mlima mzuri, sikatai. Ila mtu wa kukuongoza mchukue kupitia ofisi ya hifadhi, siyo wa kukudaka stendi. Na masika usiende.

Mluguru_wa_Moro:
Pole kaka. Ila huyo wa ndala si Mluguru, nakuhakikishia.

Fundi_Mbagala:
Alisema kwao Mgeta, huko huko Uluguru.

Mluguru_wa_Moro:
Kila mtu akija Moro anasema kwao Mgeta.

Mnyalu Mafinga:
Naona watu wamepita kimya kwenye swali la mnara. Minara ya kuangalia moto ipo nchini, ila mtoa mada anaitafuta upande isiko. Iko kwenye mashamba ya miti ya serikali, mfano Sao Hill huku Mufindi, misindano na mikaratusi mpaka macho yanachoka. Baba yangu mdogo alifanya kazi hiyo. Kiangazi chote mtu anakaa juu na redio. Akiona moshi hakimbilii kupiga kelele, kwanza anachukua uelekeo. Mnara wa pili nao unachukua wa kwake, mistari miwili ikichorwa kwenye ramani, inapokatana ndipo moto ulipo. Mnara mmoja unakwambia upande tu, haukwambii umbali. Baada ya hapo gari linatumwa na watu wenye mapanga na matawi, wanaukata moto kwenye barabara za kuzuia moto.

Lakini pale ni kazini kwa watu, huwezi kujipandia tu. Na kutoka Dar mpaka Mafinga ni zaidi ya kilomita 550. Kwenda na kurudi siku moja sahau. Na baridi ya huku, mje na makoti.

kijana_wa_data:
Siku hizi kuna satelaiti. NASA wana mfumo unaitwa FIRMS, unafungua kwenye simu unaona alama za moto nchi nzima, bure. Minara imepitwa na wakati.

Mnyalu Mafinga:
Satelaiti inapita kwa saa zake, mdogo wangu. Mlinzi yuko pale muda wote. Hao VIIRS, kifaa cha satelaiti kinacholisha hiyo FIRMS, wanaona kwa vipande vya mita 375, moto wa mchoma mkaa au mrina asali unaanza ukiwa mdogo kama meza. Ukingoja uonekane angani umeshakula hekta. Kilimanjaro Oktoba 2020 satelaiti zilikuwepo, na watu walipanda kuuzima moto kwa matawi.

kijana_wa_data:
Sijasema satelaiti inazima moto.

Sanje_Forever:
Jamani Udzungwa! Maporomoko ya Sanje, mita 170, msitu mnene, kuna mbega wekundu na kima aitwaye ngolaga wa Sanje ambaye dunia nzima yuko kwenye milima hiyo tu. Hizo Pugu na Morningside ni mazoezi.

dada_kijichi:
Udzungwa mpaka Mang'ula ni nusu siku njiani. Jamaa anataka kulala kwake. Mtoa mada yuko wapi lakini? Kaanzisha uzi kakimbia.

MtuWaTabata:
Nipo wakuu, nilikuwa kwenye foleni. Majibu ya maswali: tunaenda Jumatatu ya Pasaka. Tuko tisa, watoto watatu, mdogo ana miaka minne. Mama mkwe naye yumo, magoti yanamsumbua kidogo ila ana moyo. Pia shemeji yangu na mumewe Mjerumani. Gari ni Noah ya kukodi, ndiyo ninayolipia. Na tunabeba jiko la mkaa, tuchome nyama kule juu.

dada_kijichi:
Subhanallah. Mama mkwe mwenye magoti, mtoto wa miaka minne, Pasaka, masika! Hayo yote ulikuwa umeyaficha wapi?

Fundi_Mbagala:
Soma tena habari yangu ya mwezi wa nne. Taratibu.

Mnyalu Mafinga:
Jiko la mkaa juu ya msitu, kwenye uzi ulioanza na mlinzi wa moto. Hifadhini huwashi moto unapojisikia, Sheria ya Misitu ya 2002 ipo. Waulize getini pa kupikia ni wapi, au chomeni nyumbani mbebe kwenye hotipoti.

MtuWaTabata:
Nyama ya hotipoti haina ladha, mkuu.

Mzaramo Asili:
Sasa hata Mluguru atakubali kwamba ni Pugu. Mama atakaa pale bwawani na mkeka, wenye miguu wapande. Huyo Mjerumani abebe pasipoti na pesa zaidi, mgeni halipi sawa na raia. Mkichelewa kidogo jioni mtaona popo wakitoka mapangoni, wingi wao utashangaa.

Mluguru_wa_Moro:
Sikubali. Mjerumani aende Morningside akaone nyumba ya babu zake. Mama apande boda mpaka karibu na juu, watu wanafanya hivyo kila siku.

dada_kijichi:
Umpandishe mama mkwe wa mtu boda, mlimani, kwenye utelezi, siku ya sikukuu. Wewe umeoa kweli?

Sanje_Forever:
Udzungwa mngelala, asubuhi mnapanda mkiwa na nguvu. Nasema tu.

MtuWaTabata:
Nimemsomea mama huu uzi. Magoti hayajamtisha, popo ndio wamemtisha. Anauliza kama wanaingia kwenye nywele. Upande mwingine mwenye Noah ameniambia Kisarawe au Moro kwake ni sawa, ila Moro anaongeza bei ya mafuta. Mzee, hao popo wana usumbufu?

Mzaramo Asili:
Hawana habari na mtu. Mwambie mama afunge kilemba.

kijana_wa_data:
Samahani kuingilia, nani anajua boda kutoka Kihonda stesheni mpaka mjini ni bei gani? Mimi naenda kivyangu.

Mluguru_wa_Moro:
Inategemea umevaaje.