Mchango wa ulinzi wa 3,000 kwa mwezi: tulipe kwanza au tusomewe hesabu kwanza?

Mama wa Watatu (mwanzisha mada):

Wakuu, mbukwenyi.

Kwenye mkutano wa mtaa wetu hapa Dodoma tumetangaziwa kwamba kuanzia mwezi ujao kila kaya itatoa shilingi 3,000 za ulinzi shirikishi, yaani wa vijana wa mtaani wanaolinda usiku. Asiyetoa hatahudumiwa ofisini. Maana yake ukihitaji barua ya utambulisho, au mtoto anahitaji muhuri kwenye fomu za mkopo wa chuo, unarudishwa nyumbani hadi ulipe. Mtaa sitautaja, kwa sababu najua jambo hili haliko kwetu peke yetu.

Ukumbi ulikaa kimya. Mama mmoja mwenye genge la nyanya akanyoosha mkono: "Ile elfu mbili mbili tuliyokuwa tunatoa tangu mwaka jana, imefanya nini?" Akajibiwa hesabu zipo, zitasomwa mkutano ujao. Mkutano wa kabla ya huo tulijibiwa hivyo hivyo.

Mimi si mbishi wa michango. Mwezi wa pili binti yangu alikabwa saa moja na nusu usiku, si mbali na anaposhukia daladala. Walichukua simu na viatu, akafika nyumbani peku, koo limevimba. Asubuhi nilikwenda mpaka pale alipokabwa. Pana nguzo ya taa ya sola. Paneli ipo, taa ipo, ila kiboksi cha betri kiko wazi na nyaya mbili zinaning'inia. Muuza chipsi wa jirani akaniambia iko hivyo siku nyingi tu, na kwamba yeye hufunga mapema kwa ajili ya giza hilo.

Kwa hiyo ulinzi nautaka kuliko wengi. Lakini Katiba yetu, Ibara ya 146, inataja wazi miongoni mwa kazi za serikali za mitaa kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Kodi ya jengo nakatwa kwenye LUKU, ninaponunua umeme, tangu 2021. Ushuru nalipa, leseni ya biashara nalipa. Kabla ya kuongezewa elfu moja, nataka kusomewa ile elfu mbili. Nani ananiunga mkono, na anayepinga anapinga kwa nini?

Bodaboda wa Jamatini:

Napinga. Taa haikamati mwizi, mwizi anakamatwa na mtu. Sisi tunaopakia usiku tunajua mitaa yenye walinzi na isiyo nayo. Ile isiyo nayo abiria akiniambia nimpeleke ndani kabisa namwambia mama shuka hapa barabarani. Elfu tatu ni sahani ya chipsi kuku.

Mpangaji:

Mimi nina swali dogo tu. Nyumba yetu ina wapangaji watano, choo kimoja, mita moja ya umeme. Kaya ni nyumba au ni chumba? Maana mjumbe ameandika majina matano, yaani nyumba yetu itoe 15,000, na jirani mwenye geti na mbwa wawili atoe 3,000.

Mstaafu wa Halmashauri:

Nimefanya kazi kwenye halmashauri miaka mingi, si hii ya hapa. Naomba niweke mambo mawili matatu sawa, maana tukikosea mlango wa kugonga tutagonga mpaka asubuhi.

Mama, kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU inakusanywa na TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, haiingii kwenye kasha la mtaa wako. Polisi wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Zimamoto nao, ambao zamani walikuwa wa halmashauri, wako wizara hiyo hiyo. Barabara za mitaani, tangu Julai 2017, ni za TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, na barabara kuu ni za TANROADS, wakala wa barabara kuu. Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa mnayemchagua, na tulichagua wapya Novemba 2024, anaulizwa giza, wizi, makorongo na moto, na katika hayo yote hakuna hata moja lenye fungu mkononi mwake. Hapo ndipo michango inapozaliwa.

Mji nao umetuzidi kasi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa Dodoma mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Tumepewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, mwaka mmoja baada ya CDA, mamlaka iliyokuwa ikiustawisha mji huu, kuvunjwa, na viwanja vikauzwa kila upande. Mtu anapewa kiwanja, anajenga, anahamia, na mlinzi wa kwanza kumuona ni mbwa wake mwenyewe. Taa na kituo cha polisi vinakuja miaka baadaye.

Sasa kuhusu kulazimisha. Mtaa si kijiji. Kijiji kina halmashauri yake inayoweza kutunga sheria ndogo. Mtaa hauna uwezo huo. Mchango wa lazima unataka sheria ndogo iliyopita Baraza la Madiwani na kuidhinishwa na waziri mwenye dhamana. Bila hiyo, mchango ni wa hiari hata ukitangazwa kwa kipaza sauti, na kumnyima mtu barua kwa sababu ya mchango wa hiari ni uonevu.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi. Watu husubiri ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kila mwaka, inakabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, inakwenda bungeni, kamati ya bunge ya hesabu za serikali za mitaa (LAAC) inawaweka wakurugenzi wa halmashauri kitimoto hapa hapa Dodoma, tunashangilia. Lakini ile elfu mbili iliyoandikwa kwenye daftari la kaunta, bila stakabadhi ya serikali wala kumbukumbu namba ya malipo, haimo kwenye hesabu zozote za halmashauri. CAG hawezi kuiona. Mkaguzi wake pekee ni ninyi mliokaa kwenye mkutano.

Mama wa Watatu:

Ahsante sana mzee. Hilo la TRA sikulijua. Basi nimekuelewa: mkaguzi ni sisi, na sisi tulikaa kimya.

Zamu ya Usiku:

Shikamoo mama, shikamoo mzee. Nimesoma yote nikaona nisipoandika nitakuwa nimejidhulumu.

Mimi ni mlinzi shirikishi kwenye mtaa mmoja wa hapa mjini. Tulianza sita, kaya zinafika mia nne. Tunaingia saa nne usiku, tunatoka saa kumi na moja alfajiri. Nina filimbi, rungu na tochi, na betri za tochi nanunua mwenyewe. Anayejua upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba saa tisa usiku anajua nasema nini. Niliahidiwa 100,000 kwa mwezi. Nimewahi kupokea 40,000, mara mbili. Miezi mingine tunaambiwa watu hawajatoa.

Mama, pole sana kwa binti. Lakini unaposema usomewe kwanza ndipo ulipe, mimi usiku wa leo nipo zamu, na mwizi hasubiri mkutano. Kuna siku tulimkamata kijana na televisheni ya watu. Watu walitoka na mawe, mmoja alishaleta tairi. Mimi na mwenzangu tulisimama katikati na rungu zetu, nikapigwa jiwe la bega, mpaka polisi kata alipofika na kumchukua mzima. Kwa usiku ule hakuna aliyenilipa. Wenzangu wawili wameshaacha, sasa hivi tuko wanne. Mkigoma wote, kesho tutakuwa wawili.

Bodaboda wa Jamatini:

Umesema kweli mdogo wangu. Hao ndio watu wa kulipwa.

Mpangaji:

Ila aliyelipwa arobaini badala ya laki si ndiye wa kwanza kutaka hesabu isomwe?

Mama wa Watatu:

Marahaba mwanangu. Nimesoma maneno yako mara mbili, na la bega limenikaa. Sitaki ugome, na sitaki mtu agome kukulipa. Lakini chukua kalamu tuhesabu, maana mimi ni mtu wa biashara na hesabu ndiyo lugha ninayoielewa.

Kaya mia nne kwa elfu mbili ni laki nane kwa mwezi. Kama walitoa wote, ninyi sita mlipwe laki laki, zinabaki laki mbili za betri, makoti na hata kuweka betri kwenye taa moja moja. Kama walitoa nusu, ni laki nne, kila mmoja wenu angepata 66,000 na chenji. Wewe umepata 40,000. Na kama walitoa robo tu, ni laki mbili, basi hizo elfu arobaini kwa watu sita zimezidi kilichokusanywa, na mwenyekiti huenda alitoa mfukoni kwake akanyamaza. Sijui ni lipi kati ya hayo, na mtaani kwetu nako sijui. Kwa kutokujua nimekuwa namshuku mtu ambaye pengine hana kosa, na wewe umekuwa ukimlaumu jirani ambaye pengine alilipa kila mwezi.

Kupandisha kutoka 2,000 kwenda 3,000 hakutibu hata kimoja katika hivyo vitatu. Kama tatizo ni watu kutolipa, watakaolipa ni wale wale, kwa bei mpya. Kama tatizo ni hela kupotea, itapotea zaidi. Dawa ni karatasi moja ukutani kila mwezi: waliotoa, kilichokusanywa, aliyepewa na sahihi yake. Karatasi hiyo haigharimu hata shilingi mia tano.

Msimamo wangu naurekebisha hivi. Elfu mbili ya zamani nitaendelea kutoa, ya mwezi huu nimeshaipeleka na nimedai stakabadhi. Elfu ya nyongeza sitoi mpaka hesabu isomwe. Barua wakininyima, nitakwenda kwa mtendaji wa kata na kwa diwani kwa maandishi, kama mzee alivyotufungua macho. Na sisi kina mama kumi na mmoja tumeandika kuomba mkutano usisubiri ratiba, ufanyike Jumamosi hii. Lile la taa tutaliomba liandikwe kwenye muhtasari na lipelekwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, lifuatwe TARURA likiwa na namba ya barua.

Mpangaji:

Na la kaya kuwa nyumba au chumba muandike. Tafadhali.

Mama wa Watatu:

Limeandikwa, namba tatu.

Mstaafu wa Halmashauri:

Mama, katika barua hiyo ongezeni kwamba walinzi wenyewe wawepo wakati hesabu inasomwa. Mara nyingi huwa wamelala, kwa kuwa walikesha.

Zamu ya Usiku:

Mama, mtaa wako sasa nimeujua. Hiyo nguzo ya karibu na chipsi naipita kila usiku. Jumamosi nitakuja. Nina daftari langu la zamu tangu tulipoanza, tarehe, nani alikuwa na nani, na kila hela niliyopokea nimeandika. Mkutano uanze saa kumi kamili kama inawezekana, maana nataka nilale kidogo kabla ya kuingia zamu.